Bolti ya Shilingi 500: Nilivyoteswa na Mashine ya Kutafutia Vyuma Ufukweni

Mashine niliinunua mwaka juzi kwa shilingi 850,000, kwa kijana aliyerudi kutoka Chunya akiwa amechoka kutafuta dhahabu. Ilikuja kwenye begi la nguo: fimbo ya vipande vitatu, kisanduku chenye kioo na vitufe, na chini kabisa ile sahani nyeusi ambayo mafundi wanaiita koili. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja tu, bolti ya plastiki inayoshikanisha sahani na fimbo. "Hiyo utapata duka lolote la vifaa vya ujenzi," kijana akaniambia, nami nikaona ni jambo dogo. Narudi nyumbani Mbagala, Dar es Salaam, nikashuka Rangi Tatu, nikanunua bolti ya chuma ya shilingi 500 pamoja na nati yake, nikaifunga usiku uleule kwa spana.

Naandika kwa sababu ya bolti hiyo. Mashine hizi zilizotumika zinazidi kuuzwa mjini, na mara nyingi zinakuja zimepungukiwa na kitu kidogo. Anayeuza hajui, anayenunua hajui, na hasara inaanzia hapo.

Nia yangu ilikuwa kuwasaidia watu wanaopoteza vitu ufukweni. Kila mwisho wa wiki Coco Beach na Kigamboni watu wanajaa, na lazima mtu arudi nyumbani bila pete, bila heleni, bila funguo za gari. Nilijipa matumaini kwamba nikipata wateja wawili kwa wiki, mwaka hautaisha kabla hela yangu haijarudi.

Jumamosi ya kwanza nilivuka kwa pantoni pale Magogoni, nikapanda bajaji hadi Mjimwema. Maji yalikuwa yanakupwa. Nikawasha, nikaanza kupeleka sahani kushoto na kulia kama nilivyoona kwenye video. Ikalia. Nikachimba, nikapata kizibo cha soda. Ikalia tena, nikachimba mpaka kiwiko kikazama, sikupata kitu. Nikifika mwisho wa mpigo na kugeuza mkono, inatoa mlio mfupi. Sahani ikigusa mchanga, mlio. Kufikia saa sita nilikuwa nimechimba mashimo yanayokaribia arobaini, na zaidi ya nusu yalikuwa matupu.

Wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu walinionea huruma. "Chumvi hiyo, kaka," mmoja akasema. "Bahari haitaki vitu vya umeme."

Maneno yale yalikuwa na ukweli, na ndiyo maana yalinipoteza. Mchanga uliolowa maji ya bahari unapitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja kama yangu, yaani inayorusha mawimbi ya aina moja tu, inausikia kana kwamba ni chuma. Kila anayetafutia ufukweni anaijua shida hiyo. Unapunguza usikivu, unashikilia sahani isipande wala kushuka, unajitahidi kukaa kwenye mchanga mkavu. Nilifanya yote hayo. Nilishusha usikivu hadi karibu na mwisho, nikapunguza makelele kidogo, nikajiambia ndivyo ufukwe ulivyo. Sikuwahi kujiuliza mbona mashine inalia hata juu kwenye mchanga mkavu, chini ya minazi, mahali ambapo maji hayajafika tangu bamvu lililopita, yale maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita kawaida.

Wiki ya nne nilipigiwa simu na mama mmoja wa Kinondoni. Alikuwa amekaa Coco Beach na wajukuu jioni iliyotangulia, wamekula mihogo, akaenda kunawa mikono kwenye maji. Pete ya marehemu mumewe aliivaa kidole gumba kwa sababu ilikuwa kubwa. Ikateleza.

Tulikutana asubuhi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pole na safari." Akanionyesha mahali penyewe, baina ya jiwe na jiwe, eneo lisilozidi chumba na sebule. Kazi kama ile sasa hivi ningeimaliza kwa saa moja. Siku ile nilizunguka saa tatu. Mashine ililia kila mahali, na kwa kuwa ililia kila mahali haikuniambia chochote. Nilichimba mpaka maji yakaanza kujaa na kufukia mashimo yangu. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, mtandio umelowa, ananitazama bila kusema neno.

Nikamwambia, "Mama, bahari imeshaichukua."

Akasema Mungu ndiye anayejua. Akafungua pochi akanipa 30,000 tuliyopatana ya nauli na usumbufu, na mimi nikaipokea. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Nilimwambia jambo kwa uhakika nisiokuwa nao, kwa kutegemea chombo ambacho sikuwa nimekikagua hata siku moja.

Nilirudi nyumbani nimeshaamua kwamba sahani imekufa. Nikatafuta nyingine mtandaoni, nikampata muuzaji, akanitumia picha. Plagi ilifanana, pini zilikuwa idadi ileile. Nikalipa 180,000. Ilipofika niliichomeka ikaingia vizuri kabisa, nikawasha, kimya. Nikapitisha sufuria mbele yake, kimya. Muuzaji akasema bidhaa ikishatoka hairudishwi. Plagi kuingia si ushahidi wa kitu chochote. Koili hutengenezwa kwa masafa ya mashine fulani, na hata mashine mbili za kampuni moja zinaweza zisisikilizane na koili ya mwenzake. Kabla hujatoa hela taja modeli kamili, na ikiwezekana ichomeke kwenye mashine yako mwenyewe mbele ya muuzaji. Ile sahani ninayo hadi leo, iko juu ya kabati.

Aliyeniokoa ni fundi redio mmoja wa Kariakoo, mzee wa miaka sabini hivi, anayefanyia kazi kwenye ngazi za jengo. Nilimpelekea sahani zote mbili nikitaka aifungue ile ya kwanza. Akakataa. "Hii imemiminiwa gundi ndani, ukiipasua umeiua. Niletee yote, ikiwa imefungwa vile unavyoitumia." Nikaiunga palepale ngazini, nikawasha, ikapiga kelele mfululizo. Akaniambia niizime. "Hapa hatupimi kitu. Chini nondo, juu mabati. Twende Mnazi Mmoja."

Tukatembea hadi viwanjani, tukakaa mbali na uzio. Akanielekeza niinue sahani juu, usawa wa kiuno, isielekee ardhini. Nikaipunga taratibu. Ikalia. Akaishika sahani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaitikisa bolti. Ikalia kila alipotikisa. Hapo hapo akaifungua bolti yangu, akaitia mfukoni, akafunga sahani kwenye fimbo kwa kipande cha kamba ya katani.

Nikaipunga tena. Haikulia. Nikaipunga kwa nguvu, nikageuza mkono kama ninavyofanya ufukweni. Kimya. Sikuwahi kuisikia ikiwa kimya tangu niinunue, na nilisimama pale nikihesabu wiki zote zile, na mama wa watu juu ya jiwe.

Mzee akatoa sarafu ya 200, akaanza kuisogeza. Bila bolti ya chuma, mashine iliisikia ikiwa shubiri moja na zaidi kutoka kwenye sahani. Aliporudisha bolti, sarafu ilisikika ikiwa nusu ya hapo, tena katikati ya makelele.

Alinieleza kwa lugha nyepesi. Ndani ya sahani mna nyaya mbili zilizozungushwa: moja inarusha, nyingine inasikiliza. Kiwandani zimepangwa zikasawazishwa ili ile inayosikiliza isipokee karibu chochote kutoka kwa mwenzake, mpaka chuma kikija karibu na kuvuruga ule usawa. Ukiweka chuma juu ya sahani yenyewe, umeuvuruga usawa kabla hujaanza kutafuta. Kikiwa kimelegea kidogo tu, kila mtikisiko ni mlio. Ndiyo maana kipande cha chini cha fimbo huwa cha plastiki au nyuzi za kioo, na bolti, nati na mipira yake vyote havina chuma. Akanikumbusha habari ya Alexander Graham Bell, yule wa simu. Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Bell alileta chombo cha kuitafuta risasi mwilini mwake. Kilimshinda, na spring za chuma za godoro alilolalia mgonjwa zilichangia kukivuruga. "Na yeye hakuangalia kitandani," mzee akasema. Hakutaka malipo. Nilimwachia 20,000 kwenye boksi lake la bisibisi.

Bolti ya plastiki ya asili sikuipata mjini. Nilizunguka Gerezani siku nzima nikiulizia, mpaka dada mmoja wa duka la vifaa vya bomba akaniletea bolti za kufungia kifuniko cha choo. Ni plastiki tupu, ndefu, na nati yake ina mabawa ya kukazia kwa vidole. Jozi nzima 3,000. Nilikata urefu uliozidi, nikailainisha ncha kwa msasa, na hiyo ndiyo ninayoitumia hadi leo. Nyingine ipo kwenye begi kila niendapo.

Lakini kabla sijaizoea nilivunja kitu kingine. Sahani ina masikio mawili juu yake ambayo fimbo huingia katikati, na baina ya sikio na fimbo kuna mipira miwili ya duara, ile mafundi wanayoiita washa. Mchanga ukiingia pale, mpira unakuwa laini kama umepakwa sabuni, na sahani inaanza kuinama yenyewe ukiwa kazini. Mtu akiona inainama anakaza nati. Ikilegea tena anakaza zaidi. Nilikaza kwa plaizi, nikasikia mlio mdogo wa kukatika, sikio likapata ufa. Nilishukuru kwamba ufa haukuteremka hadi kwenye mwili wa sahani, maana maji ya bahari yakiingia humo ndani hakuna dawa. Niliuziba kwa gundi ya Araldite, nikaacha siku nzima ikauke, na umeshika. Sahani inayoinama haidai nguvu ya mkono. Inadai ufungue bolti, uoshe mipira kwa maji baridi, uifute, uirudishe. Ikiwa imeng'aa na kuisha meno, tafuta mipya. Nati ikazwe kwa vidole tu, mpaka sahani ikae ulivyoiweka na bado uweze kuigeuza kwa mkono ukitumia nguvu kidogo.

Waya nao una adabu yake. Mwanzoni niliuacha unaning'inia, kisha nikaukaza sana kwa zile tai za plastiki za kufungia waya. Yote mawili ni makosa. Waya unaocheza karibu na sahani unaleta milio ya uongo kama bolti iliyolegea, na waya uliobanwa sana unavutika pale unapoingia kwenye sahani kila ukibadilisha pembe, mwisho unakatika kwa ndani usione. Sasa nafanya hivi: nazungusha mara ya kwanza kwa kupitisha waya juu ya fimbo, naacha ulegevu wa kutosha sahani iweze kulala na kusimama bila waya kunyooka. Nikishaona inageuka vizuri, naendelea kuuzungusha kwa upole hadi juu, mzunguko mmoja kila baada ya shubiri hivi. Nauzuia kwa utepe wa kunata wa kitambaa sehemu mbili, chini na juu, bila kuukaba. Waya ukibaki mrefu, mizunguko inaongezeka huku juu, mbali na sahani. Fimbo ukiirefusha au kuifupisha, fungua waya uanze upya. Usiuvute ufike.

Plagi, zima mashine kwanza. Tafuta ile mbonyeo inayoonyesha upande, sukuma moja kwa moja bila kuzungusha, ndipo ukaze pete yake kwa vidole. Ukitoa, shika plagi, usivute waya.

Chumvi ndiyo inayotaka subira zaidi ya vyote. Kwa mashine nyingi za bei ya kawaida sahani imezibwa maji yasiingie, na hilo linawadanganya watu wadhani mashine yote ni hivyo. Kisanduku cha juu na plagi havitaki hata tone. Mimi nilikuwa nikitoka baharini najipangusa miguu, naitia mashine kwenye begi, napanda pantoni. Baada ya miezi miwili nilikuta ukungu wa kijani kwenye pini za plagi, na mashine ikiwa inakata sauti katikati ya kazi. Nilizisugua kwa brashi kuukuu ya meno iliyoloweshwa spiriti, nikaziacha zikauke kabisa. Zilipona, ila pini moja imebaki nyeusi. Siku hizi nikifika nyumbani, kabla ya kula, natoa betri, natenganisha sahani, naiosha kwa maji ya bomba kwenye ndoo pamoja na kipande cha chini cha fimbo, nikiwa nimefunga mfuko wa plastiki kwenye plagi isilowe. Kisanduku nakipangusa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Sitii petroli wala thina, vinakula plastiki. Kisha naanika kivulini. Jua la Dar es Salaam kwenye kioo cha nyuma cha gari linaweza kupinda plastiki na kuchosha gundi ya ndani, kwa hiyo mashine haishindi garini.

Kuna kifuniko cha plastiki kinachovalishwa chini ya sahani kuikinga na mawe. Kinunue, cha kwangu kilikuwa 45,000, na pale Coco kwenye mawe kimeshajilipa. Lakini kinakusanya mchanga, na mchanga wa pwani yetu si mweupe wote. Ukitazama Kigamboni baada ya mawimbi ya kusi, utaona mistari myeusi iliyolala juu ya mweupe. Huo ni mchanga mzito wenye madini ya chuma ndani yake. Huko huko Kigamboni, Fungoni, kuna akiba ya mchanga wa namna hiyo yenye madini ya ilmenaiti na zirkoni. Ukijaa chini ya kifuniko, unatembea na kile unachokikimbia. Nilipokibandua mara ya kwanza kilitoka kiganja kizima cha mchanga mweusi uliolowa chumvi. Sasa nakibandua kila nikirudi.

Na kabla ya kutoka napima. Si ndani ya nyumba, kwa sababu sakafu ina nondo, dari ina misumari na mita ya LUKU iko ukutani. Naenda uwanja wa shule jirani jioni, nainua sahani hewani, nachezesha waya, natikisa sahani, naigonga kidogo kwa kiganja. Ikilia hewani bila kitu, kosa liko kwenye maungio, na hakuna haja ya kulaumu bahari. Kisha napitisha sarafu ileile ya 200, kwa umbali uleule. Siku sarafu isiposikika pale ilipozoea kusikika, siendi kwa mteja.

Wapo walionitaka niende nao usiku kutafuta rupia za Mjerumani kwenye magofu. Sijakubali na sitakubali. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964, na makaburi ya Kunduchi si shamba la mtu.

Mwezi wa tatu baada ya ile siku ya Coco nilimpigia simu yule mama. Nilikuwa nimeiahirisha kwa wiki mbili. Nikamwambia, "Mama, siku ile mashine yangu ilikuwa na kasoro, na kasoro niliiweka mwenyewe. Nilikuambia bahari imeichukua bila kujua. Naomba turudi, bila malipo."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, ungenyamaza nisingejua."

Tulirudi Jumanne, maji yamekupwa sana. Mashine ilikuwa imetulia. Niliweka kamba, nikapita mstari kwa mstari, nikachimba kila mlio, hata ile ya karatasi zinazong'aa za pakiti za sigara, kwa sababu pete ya dhahabu inaweza kulia kama karatasi hizo. Tulipata heleni moja ya mtu mwingine, ufunguo wa pikipiki, na shilingi moja ya zamani yenye mwenge, imeliwa na chumvi lakini uso wa Mwalimu unaonekana. Pete hatukuipata. Mama aliichukua ile shilingi, akaisugua kwa mtandio, akasema mumewe alianza kazi enzi za shilingi hiyo. Nilimrudishia 30,000 yake. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea.

Kuna sehemu moja hatukuifikia, chini ya jiwe kubwa upande wa kusini, ambako mchanga unafunuka maji yakikupwa kupita kawaida tu. Bamvu la mwezi mwandamo ni wiki ijayo. Tumepatana Alhamisi, saa mbili kabla ya maji kufika chini kabisa. Mipira ya sahani imeshaoshwa, inakauka dirishani.